Nafuu ya Zuhura

Jumatatu, 5 Julai 1993

Haya, kinazunguka. Naona kile kigurudumu kinazunguka.

Kuku nimewalisha. Mchele nimeupeta. Zuhura nimemchemshia tangawizi na pilipili manga, kanywa nusu, nusu nimemalizia mimi. Yuwakohoa. Chumba chake kile pale mwisho, na hapa nilipo namsikia kama tuko kitanda kimoja.

Kaseti hizi kaniletea mwanangu Athumani, yuko Maskati. Kataka nimtilie maneno nimpelekee, maana kuandika sijui. Mimi nilisoma juzuu kwa mwalimu, nikaozwa, basi. Lakini hii simpelekei. Hii yangu. Athumani akisikia mtu kakohoa Likoni, yeye halali huko.

Zuhura ni mke mwenzangu. Mume wetu alitangulia zamani, tukabaki sisi na nyumba. Watu wakangoja tugawane. Tukagawana jiko. Kila mtu na meko yake, miezi. Kisha kuni zikatuchosha, tukarudi meko moja. Sasa ukewenza wetu ni sufuria moja na ugomvi wa chumvi.

Mafua ya safari hii yamepita kila nyumba. Yameanza na watoto. Watoto wameinuka, wanacheza. Wazee wengine hawajainuka. Zuhura kashikwa tangu Ijumaa. Siogopi. Nimewaona wagonjwa wengi mimi.

Ngoja nizime, mchele waungua.

Jumanne, 6 Julai

Kaja mtu kuniita nikamtazame baba yake. Nimemwambia nina mgonjwa wangu, aje kesho. Uso ukamshuka. Watu hawapendi kuniita, na hawapendi nisipokwenda.

Ndivyo ilivyo hapa kwetu. Mtu akilala sana, huitwa daktari, huitwa mwalimu akasoma, mwisho naitwa mimi. Sitibu. Dawa sina. Natazama tu. Nashika nyayo, natazama pua, masikio, kucha. Kisha natoka nje nawaambia wenyewe: chinjeni kuku, mfanyieni supu. Ama: waiteni walio mbali. Hapana aliyenifunza. Nimeuguza mama, nimeuguza baba, nimeuguza mume, nimeuguza binti yangu. Ukikaa sana na kitu utakijua.

Na kitu nikijuacho zaidi ni nafuu ya kuaga. Mtu yu hoi, hali, hanywi, mara asubuhi moja kaamka, homa hana, yuwataka chakula alichokipenda zamani, yuwacheka, yuwauliza fulani yu wapi. Wenye nyumba hufurahi. Mimi nafsi hunikatika hapo. Koroboi likitaka kuishiwa mafuta hupandisha moto. Mume wetu alitaka embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Zuhura alitoka mbio kwenda kuitafuta, anacheka njia nzima, kapona mume wetu. Mimi nikabaki naye. Embe alikula. Alasiri hakuwako.

Zuhura mpaka leo haniambii kitu juu ya siku ile. Ila embe mbichi haingii nyumba hii.

Nimetoka kwenye njia. Zuhura: homa ile ile. Uji kakataa.

Jumatano, 7 Julai

Homa. Kikohozi. Mvua tangu alfajiri.

Nesi Kerubo kamletea vidonge. Huyu ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtu wa bara, yuwafanya kazi hospitali huko ng'ambo ya feri. Kasema tukimwona yuwakosa pumzi tumwambie upesi. Zuhura akamjibu, "Pumzi ninazo mwanangu, meno ndiyo sina." Wakacheka. Kisha kikohozi kikamkamata, kicheko kikaisha.

Alhamisi, 8 Julai

Vibaya. Hakujua leo siku gani. Kaniita kwa jina la mama yake.

Nimemfukiza mkaratusi. Nimemsugua kifua mafuta ya nazi na kitunguu thaumu. Sikumtazama kucha. Sijui kwa nini. Wa watu nawatazama.

Ijumaa, 9 Julai

Hali. Hanywi ila kwa kijiko. Yule aliyekuja kuniita, baba yake kafa jana, hawakuningoja.

Nimekaa mlangoni nikafikiri, huyu akienda, nani atajua mimi nilikuwa nani? Athumani ananijua mama tu. Majirani wananijua ni yule wa kutazama. Zuhura ndiye ajuaye kuwa nilikuwa naimba nikitwanga, na kuwa sauti yangu ilikuwa mbaya. Kanicheka miaka yote hiyo. Mwingine wa kunicheka hapana.

Jumamosi, 10 Julai

Leo nitasema yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi nimeingia, nimemkuta kaketi. Mwenyewe. Kajitanda leso, nywele kazifumua upande mmoja ataka kusuka. Homa hana. Nikamshika shingo, baridi. Akaniambia, "Bi Mkubwa, leo nataka papa. Papa mkavu, kwa nazi, na muhogo. Uji wako umenichosha."

Nikatoka. Nikafika jikoni nikayahesabu niliyoyaona.

Vidole baridi. Kucha zambarau. Pua imechongoka. Na maneno! Kaongea habari ya siku alipoletwa hapa bi harusi, vile nilivyomfungia jiko asiingie, akaningojea nje mpaka nikaona haya. Yuwacheka. Lakini neno halimalizi kwa pumzi moja. Pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepanda kutoka feri na mzigo kichwani, na mwenyewe hana habari nazo. Nikamuuliza, kifua je? Akasema kifua chepesi, tangu ile Ijumaa aliyoshikwa hajajisikia hivi.

Papa nikampikia. Nani amnyime mtu papa wake wa mwisho.

Nikamwomba jirani aendaye Changamwe apite kwa Rehema. Rehema ni binti yake Zuhura, kaolewa huko karibu na Airport. Aambiwe aje amwone mama yake. Hayo tu. Yeye kazaliwa nyumba hii, yuwajua ujumbe wangu maana yake nini.

Kisha nikafungua sanduku. Sisi wawili tuna sanda zetu, tulinunua siku moja, gora moja, zimekunjwa na karafuu maiti na vipande vya udi. Wazee wa hapa wote wanazo, si ajabu. Nikaitoa yake. Ilikuwa imeshika unyevu wa mvua hizi. Nikaitundika kambani uani, ipigwe na upepo kidogo. Mtu hazikwi na nguo yenye ukungu. Hilo ndilo nililofikiria. Upepo wavuma kwenda wapi, sikufikiria.

Wavuma kwenda dirishani kwake.

Nikamsikia, "Bi Mkubwa. Nani kafa?"

Mkono wangu ulikuwa bado kambani.

"Nasikia karafuu maiti. Nani kafa?"

Nikaingia. Uongo sikuwa nao tayari. Kaketi na sahani mapajani, yuwala. Basi nikafanya ifanywavyo. Nikakaa chini, nikamshika mguu, nikamwomba radhi kwa yote ya miaka yetu, naye anipe. Ndiyo desturi, mtu asiondoke na kinyongo. Lakini hiyo huombwa na mtu wa kawaida. Mimi ni yule wa kuitwa. Radhi yangu mimi ni hukumu, na Zuhura kaniona nikiwahukumu watu tangu ujana wetu.

Kanitazama. Sahani kaiweka chini polepole. Akasema, "Kumbe ndiyo hii." Akageukia ukuta.

Radhi hakunipa.

Mchana Nesi Kerubo karudi kazini, kaiona sanda kambani, kaingia na viatu vyake mpaka chumbani. Kamshika mkono, katazama saa yake, kahesabu pumzi. Katazama kucha. Akaniambia mafua yameshuka kwenye mapafu, ni kichomi, tena hiki kina ujanja. Homa huachia kama wiki imepita, mgonjwa hudhani kapona, hutaka kula, kumbe ndipo mapafu yanajaa. Akasema, "Nyanya, huyu haagi. Huyu anakosa hewa na mwili wake haujamwambia." Apelekwe sasa hivi, apewe hewa ya mtungi. Kesho itakuwa kuchelewa.

Nikakataa. Nasema kweli, nilikataa. Mtu wa kuaga havushwi maji akafie kwa wageni, mpira puani, hapana wa kumtamkia shahada.

Tumeona kitu kimoja, mimi na msichana yule. Kucha zile zile. Pua ile ile. Mimi nikasema sanda, yeye akasema mtungi.

Rehema kafika na teksi. Kaona ile nguo uani. Shikamoo hakunipa. Kamsikiliza nesi, hakunisikiliza mimi. Wakati wanamtoa, akaniambia, "Ma'mkubwa, umemzika mama yangu na papa hajammeza."

Zuhura kapita mbele yangu kabebwa, macho kayafunga. Si usingizi. Namjua akilala.

Jumapili, 11 Julai

Leo yamekuja matanga.

Sanda ilionekana juu ya ua, sikuiondoa upesi. Basi asubuhi naona wanawake wanaingia, mikeka kichwani, masufuria, mmoja kaanza kulia tangu barabarani. Nimesimama mlangoni nasema, hajafa. Yuko hospitali. Hajafa jamani. Wanatazamana. Mmoja akaniuliza, "Lini basi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Kauliza kama mtu aulizavyo ndege yafika saa ngapi.

Nikasema sijui. Neno hilo hawajapata kulisikia kwangu. Wakakaa kidogo kwa haya, wakanywa kahawa, yule wa kulia kajifuta uso, wakachukua mikeka yao. Nyumba kimya. Afadhali wangelia.

Nesi kaniambia jioni: yu hai, yuwapewa hewa, hali chakula. Kasema hawampi mtu ahadi sasa. Na kasema jambo jingine, kwamba Zuhura hapigani. Wamwambia avute, yeye kalala tu kautazama ukuta. Kwa akili yake kashakufa.

Hayo nimemfanyia mimi.

Sasa najiuliza, kaseti hii hainijibu. Nikisema sikukosea, basi nataka afe. Sijapata kuomba niwe nimekosea. Leo naomba. Ya Rabbi, nikosee. Watu wote wa Likoni wanicheke.

Jumatatu, 12 Julai

Habari hakuna. Nimepika chumvi nyingi. Hapana wa kunigombeza.

Jumanne, 13 Julai

Nimekwenda. Nimevuka peke yangu, mara ya mwisho nilivuka na marehemu, yuwanishika mkono kwa kizunguzungu cha maji. Huko mjini nimeuliza njia nimechoka kuuliza.

Wodi ndefu. Vitanda huku na huku. Na macho yangu, Mungu anisamehe, yakaanza kazi yake yenyewe. Huyu atapona. Huyu atapona. Yule pale hapana. Sikuyatuma. Mama mmoja wa Mtongwe kanitambua, kamvutia mgonjwa wake shuka mpaka kichwani nisimwone. Nikainamisha uso, nikaenda hivyo hivyo natazama sakafu mpaka kitanda chake.

Kapungua. Mpira puani, mtungi mkubwa kando. Rehema kanipisha kiti.

Nikamwambia nimekuja. Zuhura kafungua jicho moja. Sauti ndogo, nikainama kusikia.

"Tazama ukuta, Bi Mkubwa. Usinitazame mimi."

Nikageuza kiti. Wakati wote wa kuona wagonjwa nimekaa nimempa mgongo Zuhura, nautazama ukuta wa hospitali, umebanduka rangi pale chini. Watu wanapita wanashangaa, bibi huyu kagombana na nani. Na kwa vile simtazami, nikawa naongea. Nimemwambia habari ya matanga yake. Yule wa kulia tangu barabarani. Yule aliyeuliza lini basi. Nimewaiga sauti.

Nikasikia nyuma yangu kitu kama kikohozi. Rehema akasema, "Ma'mkubwa, usimchekeshe, atapaliwa."

Nilipotoka nikamkamata daktari, kijana mdogo, nikamuuliza huyu atapona? Akaniambia, "Bibi, sijui. Leo nimemwona afadhali ya jana. Kesho nitamwona tena." Nikataka kumgombeza. Mtu mwenye vyombo vyote vile, na picha ya kifua ukutani, asema hajui. Kisha kwenye feri nikafikiri, hata huyu naye huulizwa na kila mtu, na kila siku, na asema sijui, na bado wanamwita.

Alhamisi, 15 Julai

Nesi kasema kavuta hewa. Kaambiwa kaa, kakaa. Kaomba uji, kisha kausema uji wa hospitali mbaya kuliko wa mke mwenzake.

Nimelia. Mchana kweupe, na ungo mikononi.

Ijumaa, 16 Julai

Kaja mtu kuniita, mkewe mgonjwa wa kifua. Nimemwambia sitazami tena. Mpeleke hospitali. Akadhani nimeona kitu. Nikamwambia sijaona kitu, ndugu yangu, hata mlangoni kwako sijafika, ndiyo nakwambia. Kaenda zake, sijui kanielewa vipi.

Hata kukataa kwangu ni uaguzi sasa.

Jumatano, 21 Julai

Katoka. Alhamdulillahi. Kapona, anatembea kwa kushika vitanda.

Nimefagia chumba chake tangu alfajiri. Nimeanika godoro. Nimetafuta papa, nimeroweka.

Wamempeleka Changamwe.

Rehema kamtuma dereva wa teksi kunieleza. Mama atakaa kwao, kwao kuna umeme, kuna feni, hospitali haihitaji feri. Maneno ya maana yote. Hapana hata moja ninaloweza kulikataa. Kachukua leso za Zuhura na miwani na ile redio yake ndogo. Papa nimempa yeye dereva. Kafurahi sana.

Nilifikiri kuna njia mbili tu, afe nibaki peke yangu, ama apone. Hii ya tatu sikuiona. Miaka yote natazama watu, kufa na kupona, hapana siku nilitazama baada ya kupona mtu huenda wapi.

Jumapili, 25 Julai

Mvua. Kuku wawili wamepotea, mmoja karudi.

Athumani kaleta maneno niende Maskati nikakae. Nifanye nini Maskati.

Jumamosi, 31 Julai

Nimekwenda Changamwe. Ndege zinapita juu ya nyumba ya Rehema mpaka vikombe vyalia, na Zuhura hata hashtuki tena. Kazoea upesi. Kanenepa mashavu. Bado akiongea sana hukatisha, huvuta, huendelea.

Nilikaa nimempa mgongo, kama kule wodini. Mazoea. Akasema, "Geuka bwana, watu watasema umeninunia."

Nikageuka. Nikamtazama uso tu, kama mtu amtazamavyo mtu. Kucha sikuzitazama. Alikuwa kaziweka juu ya meza kusudi, naapa, ananijaribu.

Tumekunywa chai. Tumewasema watu. Rehema kanipa shikamoo leo, si kwa moyo wote, lakini kanipa. Alipoingia jikoni, Zuhura akasema ile radhi niliyoiomba, kanipa. Tena kasema yeye alikuwa kanipa tangu zamani, ila siku ile asingenipa hata kwa fimbo.

Nikamuuliza, utarudi?

Akasema, "Wewe si ndiye mjuzi. Niambie."

Nikamwambia sijui, Zuhura.

Akatikisa kichwa, akasema, "Hata mimi sijui." Akanimiminia chai tena.

Jumapili, 1 Agosti

Mvua imekatika. Nimefua.

Yule kuku mweupe kaingia chumbani kwa Zuhura, mlango niliuacha wazi godoro lipate hewa. Kapanda kitandani kataga, katikati kabisa. Angekuwapo mwenyewe ungesikia makelele mpaka Mtongwe, na ufagio, na mimi ningelaumiwa.

Nimesimama mlangoni. Kanitazama kwa jicho lile la upande. Nimemwacha.